Gundi ya kufungia skrubu za ndani ya injini ya boti: niliyoyaona baada ya kuijaribu Mtwara

Asalaam aleikum, ndugu watazamaji, na karibuni katika karakana yangu hapa Mtwara, upande wa Shangani. Kabla sijagusa chupa hizi tatu zilizo mezani, naomba muitazame pistoni hii niliyoishika. Imetoka kwenye injini ya mipigo miwili, ya nguvu za farasi 40, iliyokuwa ikisukuma boti ya faiba kwenda Msimbati na kurudi. Uso wake wa juu, ambao ulipaswa kuwa laini, umejaa vishimo kama hindi lililobunguliwa, na upande huu ukingo umemeguka hata ringi inaonekana. Aliyefanya haya yote ni huyu hapa: skrubu moja ndogo, isiyozidi ukucha wa kidole changu cha mwisho, ambayo niliikuta imepondeka na kugandamia juu ya silinda.

Skrubu hiyo ilikuwa imeshikilia ridi. Kwa wasioifahamu, ridi ni vile vijani vyembamba vinavyokaa nyuma ya kabureta, vinavyofunguka kupitisha mchanganyiko wa hewa na petroli, kisha vikajifunga ili usirudi ulikotoka. Nahodha akifungua moto wote, injini ya aina hii huzunguka kama mara 5,500 kwa dakika, yaani zaidi ya mara 90 kwa kila sekunde, na vijani hivyo hupigapiga kwa kasi hiyohiyo. Skrubu iliyolegea inapochomoka huangukia ndani ya krenkesi, yaani chumba kilicho chini ya pistoni, ikabebwa na upepo wa mchanganyiko kupitia matundu ya pembeni ya silinda, ikafika juu ya pistoni, na hapo haina pa kukimbilia. Ikipitia kwenye beringi za krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, kabla ya kufika huko, hasara huwa kubwa zaidi, kwa sababu krenki ya injini hizi imeshindiliwa kwa presha na si kila fundi anaweza kuifungua na kuirudisha ikiwa imenyooka.

Bidhaa ninayoichambua leo ni gundi ya kufungia meno ya skrubu na nati, hasa Loctite 243 ya rangi ya bluu. Asili yake ni Marekani: Vernon Krieble, profesa wa kemia katika chuo cha Trinity mjini Hartford, ndiye aliyeitengeneza gundi ya namna hii mwaka 1953, na leo jina hilo linamilikiwa na kampuni ya Henkel ya Ujerumani. Tabia yake ni ya ajabu kidogo, kwa kuwa haikauki kwa hewa kama rangi, bali hukauka inapokosa hewa huku ikigusana na chuma. Ndiyo maana chupa yake haijazwi hadi juu, kwani hewa iliyoachwa ndani ndiyo inayoifanya ibaki majimaji. Nimewahi kumsikia mteja akimgombeza muuza duka kwamba amepunjwa, na muuza duka mwenyewe hakuwa na jibu.

Mafundi wengi tumezoea kutegemea washa ya springi, ile iliyokatwa na kupinda kidogo. Nilifundishwa hivyo, na nimewafundisha wengine hivyo. Hata hivyo, mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha mwaka 1969 kwamba kinachofungua bolti zaidi ni vipande vilivyofungwa kuteleza upande na upande, na kitabu cha NASA, shirika la anga la Marekani, cha mwaka 1990 kuhusu usanifu wa bolti na nati kiliandika wazi kwamba washa ya namna hii haifai kitu kama kifungio. Sikutaka kukubali kwa kusoma tu. Jirani yangu ana mashine ya kusaga mahindi inayotikisika hadi madirisha yanalia, basi nikamwomba nifunge bolti tatu za milimita 6 kwenye fremu yake, zote kwa nguvu ileile ya toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, na kila moja nikaichora mstari wa rangi nyeupe kutoka kichwani hadi kwenye fremu. Ya kwanza ilikuwa na washa ya springi peke yake, ya pili ilipakwa gundi ya bluu, na ya tatu ilipakwa gundi ya chupa isiyo na jina, ambayo niliuziwa kwa bei ya kutupa.

Baada ya siku sita, mstari wa bolti ya washa ulikuwa umeachana kwa karibu robo ya mzunguko. Ile ya bluu haikusogea hata unywele. Hii isiyo na jina ilisogea kidogo, na nilipoifungua nikakuta meno bado yameloa, kana kwamba niliipaka asubuhi hiyo. Najua mashine ya kusaga si injini ya boti, lakini kitu kisichokauka kwa siku sita nchi kavu sitakipeleka baharini.

Sasa tuje kwenye matumizi, kwa sababu hapa ndipo wengi tunapoiharibu bidhaa nzuri. Tazameni tundu hili la skrubu kwa karibu. Linang'aa, lakini nikipitisha kijiti chenye pamba kinatoka na weusi, kwa kuwa niliosha kwa petroli iliyochanganywa na oili, kama tunavyofanya kila siku. Loctite 243 huvumilia mafuta kidogo, ila si kiasi hiki. Ninaosha kwa asetoni, tundu na skrubu, mpaka pamba itoke nyeupe, kisha naacha vikauke. Tone moja linatosha kwenye meno ya mwisho ya skrubu ndogo. Likizidi hutiririka hadi kwenye kijani cha ridi na kukigandisha, na ukipaka ovyo kwenye skrubu za kipepeo cha kabureta, kile kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa, gundi huingia kwenye ekseli yake na moto ukashindwa kurudi chini. Hatari hiyo ni kubwa kuliko ile uliyokuwa unaikimbia. Kwenye kipepeo, skrubu zikishafunguliwa ziwekwe mpya, na ncha zake zigongwe kidogo zitanuke kama kiwandani. Gundi iwe msaidizi tu.

Halafu kaza kwa kipimo cha kitabu cha injini yako, si kwa hisia za mkono, maana skrubu iliyokazwa kupita kiasi huvutika na kukatika shingo, na hakuna gundi itakayokizuia kichwa chake kudondoka. Inashika ndani ya dakika chache, lakini nguvu yake kamili huja baada ya saa 24, kwa hiyo nahodha anayetaka boti jioni hiyohiyo avumilie.

Chupa nyekundu, yaani gundi inayoshika kwa nguvu zaidi, siipendekezi kwa skrubu ndogo. Kuifungua kunahitaji joto la nyuzi 250 hivi, na niliwahi kuitumia kwenye kifuniko cha ridi nikaishia kutoboa skrubu mbili kwa drili, siku nzima. Bluu hufunguka kwa vifaa vya kawaida, na huvumilia joto hadi nyuzi 180, kiwango kinachotosha upande wa kabureta. Faida nyingine kwetu wa pwani ni kwamba hujaza nafasi kati ya skrubu ya chuma na mwili wa alumini, hivyo maji ya chumvi hayapati njia ya kuzigandisha pamoja.

Isipokuwa msiitegemee kwenye klipsi za pini ya pistoni, vile vibanio vidogo vinavyoizuia pini isichomoke. Hizo hazina meno, kwa hiyo gundi haina kazi hapo. Ukizitoa, zitupe uweke mpya, na hakikisha kila moja imezama yote kwenye mfereji wake. Mimi huizungusha kwa bisibisi nyembamba huku nikisikiliza.

Injini iliyo nyuma yangu ni ileile iliyokula pistoni hii. Skrubu zake nane za ridi nimezifunga jana kwa gundi ya bluu, na mistari ya rangi mnaiona hapa. Boti itashushwa Jumamosi maji ya bamvua yakijaa, na ikitimiza saa 100 za kazi nitaitoa kabureta mbele ya kamera hii tuitazame mistari hiyo pamoja.