Pai za adesi na spinachi pale Mwanga: hamna nyama, hamna siagi, na nimezielewa

Kwa wenye haraka: pai chukua, sambusa chukua kama umewahi asubuhi, katlesi za muhogo ziache hapohapo zilipo. Wenye muda twende taratibu maana hii biashara ina mambo yake.

Ni kibanda kidogo tu hapa Kigoma, Mwanga, upande wa barabara inayoshuka Ujiji, mabenchi mawili, jiko la mkaa na oveni ya bati ya kuchomelea. Jina hakina. Mbele kuna boksi limekatwa likaandikwa kwa maka HAKUNA NYAMA HAKUNA SAMAKI HAKUNA MAYAI HAKUNA MAZIWA, na hakosekani mtu wa kusimama, akasoma mpaka mwisho, halafu akauliza sasa mama kuna nini? Mama anajibu "kuna adesi baba, karibu ukae", na wengi kweli wanakaa.

Mi sio vegani, nisije nikaonekana naigiza. Migebuka nakula, dagaa nakula, na nyama ikipatikana siulizi maswali. Ila nina wifi yangu hagusi kitu chochote kilichotoka kwa mnyama, mpaka asali hali, na kila shughuli ya ukoo anaishia kula ndizi na kachumbari huku watu wanamuuliza kama anaumwa. Ndo nikaanza kutafuta mahali pa kumwekea oda ya vitafunwa. Sasa kwa mji huu ni kazi, maana Kigoma mtu akikwambia mboga haina kitu ujue bado dagaa hawajahesabiwa. Sehemu moja (siitaji) waliniapia kabisa kwamba sambusa ni za viazi tupu, kumbe viungo vyenyewe ni ile paketi ya unga wa mchuzi yenye ladha ya ng'ombe, na mafuta ni yaleyale yaliyokaanga samaki tangu juzi. Wifi alinusa tu akarudisha sahani.

Kwahiyo nilipofika hapa nikaanza na maswali ya polisi. Mafuta haya yamekaanga nini? Hamna siagi humu? Mama ni mtu mzima, Msabato, kwao nyama walishaacha muda mrefu, hakukasirika hata kidogo. Akanionyesha karai lake, akanionyesha viungo vyake kwenye vikopo, binzari nyembamba anakaanga na kusaga mwenyewe, giligilani hivyohivyo, hamna paketi. Kuhusu siagi akasema hata zile za makopo za mafuta ya mimea ukisoma lebo vizuri unakuta nyingine zina maziwa ndani, "sasa mwanangu nihangaike na lebo za nini wakati mawese yapo?"

Na hapo ndo penyewe. Pai zake anakandia mawese.

Najua kuna watu washakunja uso. Mawese sisi tunayajua kwenye maharage, kwenye mboga za majani, kwenye dagaa, pai mtu anawaza siagi. Ila fikiria dumu la mawese likikaa ndani asubuhi ya baridi, unakuta chini pamejikusanya uzito wa njano unaokwanguka na kijiko, juu yamebaki mafuta mekundu ya majimaji. Yale ya juu mama anayachota ya kupikia mboga za nyumbani. Ule uzito wa chini ndo siagi yake. Anauweka kwenye unga wa ngano na chumvi, anausugua kwa ncha za vidole, sio kiganja, kiganja kina joto, mpaka unga wote unakuwa chengachenga, halafu maji ya mtungini kidogokidogo, anakusanya donge bila kulikanda sana, anafunika na kitambaa kibichi. Mafuta yakikaa kwenye unga yakiwa bado yameganda, yakiingia motoni yanayeyuka yanaacha nafasi, pai inatoka na tabaka zinazomeguka. Yakiwa yameshayeyuka kabla, unga unayanywa yote na unapata kitu kigumu cha kuvunja meno. Ndo maana donge la pai analimaliza alfajiri, na kipindi cha joto kile cha mwezi wa tisa wa kumi analowesha kopo la mawese kwenye beseni la maji ya mtungi kwanza, na kuna siku joto likizidi hapiki pai kabisa, anakwambia leo sambusa tu. Mimi hilo nimelipenda, kuna wauzaji wangekuuzia tu hivyohivyo.

Rangi inatoka ya machungwa, wageni wanadhani kaweka rangi ya dukani. Harufu ya mawese ipo ila sio ile ya kukujaa puani, viungo vinaikata. Kitu cha kuangalia kwenye mawese ni uchachu, yakikaa sana au chikichi zikichelewa kukamuliwa unapata yale yanayowasha koo, na kwenye kitu cha kuoka hakuna pa kuyaficha. Yake hayawashi, anachagua mwenyewe Mwandiga na anaonja kabla hajalipa, wauzaji wameshamzoea. Tangu 2018 ile kampeni ya michikichi aliyokuja nayo Majaliwa alipokuwa Waziri Mkuu tumesikia sana habari za miche ya Tenera (ile michikichi chotara), hekta na viwanda, sawa, ila namna mpya ya kuyala hayo mawese mi nimeiona kwenye hiki kibanda.

Haya, ndani. Anatumia adesi za kahawia zile nzima, sio zile nyekundu zilizoparazwa. Nyekundu zinaiva chapchap, robo saa umemaliza, lakini zinavurugika zinakuwa uji, ni nzuri kwa mchuzi, ndani ya pai zinalowesha kitako. Za kahawia huhitaji hata kuroweka, kama dakika ishirini na kitu zimeiva na punje bado imesimama. Nikamuuliza kwanini asitumie maharage yetu ya Kasulu maana adesi bei yake sio ya mchezo, akasema maharage ganda lake ni nene, ukiyaponda unapata rojo na usipoyaponda yanatoboa manda. Sijabisha.

Spinachi ndo inayoharibu pai za watu wengi, na hapa niwaambie wanaojaribu nyumbani: ile mboga karibu yote ni maji. Ukiikata ukaitupa kwenye sufuria na adesi umeshapika supu. Yeye anaikata nyembambanyembamba, anaitia chumvi, anaiacha ikae, halafu anaikamua kwa mikono miwili kama mtu anafua, yale maji ya kijani yanayotoka ni bakuli zima. Vile vikonyo havitupi, anavikata vidogo vinaenda na kitunguu. Kitunguu kinakaangwa mpaka kiwe kahawia kweli, sio kile cha kulainika tu, maana bila nyama utamu wa kina utautoa wapi kama sio hapo, kisha saumu, tangawizi, binzari, pilipili mbuzi, adesi zinaingia zinageuzwa mpaka ukipitisha mwiko chini ya sufuria njia inabaki wazi haijifungi. Spinachi ya mwisho kabisa, dakika mbili. Ndimu baada ya kuepua. Halafu anaitandaza kwenye sinia ipoe mpaka iwe baridi kabisa, na hapa hana mjadala, nilimwona anamkatalia binti anayemsaidia aliyetaka kuanza kujaza ikiwa vuguvugu. Ya moto inayeyusha mawese kwenye unga na kazi yote ya alfajiri imeenda.

Pai ikikatwa katikati unaona punje mojamoja za adesi na mikato ya kijani, hamna maji yanayochuruzika. Ukoko wa juu unavunjika, wa chini umeiva, na huo wa chini ndo huwa nauangalia mimi kwanza popote ninaponunua pai, nageuza. Oveni yake ni bati na mkaa, anapalia juu na chini, kwahiyo zile za pembeni zinapata rangi zaidi, omba za pembeni.

Sambusa ni habari nyingine. Nzuri, ila sio za kusafiri nazo. Manda anatengeneza mwenyewe, anasukuma viduara, anapakaza mafuta na unga katikati anavibandika, anapitisha kwenye chuma kidogo tu halafu anavibandua moto ukiwa bado vidoleni, anakata, anakunja, gundi ni uji wa ngano. Hizi anakaanga kwa alizeti na sio mawese, anasema mawese kwenye karai la kukaangia yanatoa moshi mwingi na kila kitu kinakuwa na ladha moja. Asubuhi zikitoka ni kavu zinalia mdomoni, kufika saa saba mchana zimelegea na hapo nakushauri umwambie akurudishie karaini au ununue pai. Sasa hizo katlesi za muhogo kwanza sijui zinafanya nini pale. Zimebanwa sana, ndani hamna kitu, unameza na maji. Sisi ni watu wa ugali wa muhogo, muhogo tunauheshimu, hivyo sivyo unavyofanywa.

Mengine ya kulalamikia yapo. Oda yangu ya shughuli tulikubaliana saa sita, ikafika saa nane kasoro, na bodaboda alikuwa ameifunga nyuma na mpira, pai za chini zimekuwa chapati. Mama aliomba radhi akarudisha hela ya zilizopondeka bila kubishana, lakini wageni walikuwa washaanza kula maandazi. Kama una shughuli tuma mtu wako mwenye beseni. Vifungashio navyo, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2019 kila mtu anahangaika kivyake, yeye anafungia karatasi za madaftari ya zamani, pai yangu moja ilikuja kwenye hesabu za mtoto, kagawanya vibaya na mwalimu kampiga mkasi mwekundu. Inachekesha ila wino na mafuta ya moto sivipendi, mi siku hizi naenda na kontena langu.

Na Jumamosi usiende. Ijumaa jioni jua likizama kafunga, mpaka Jumamosi jua lizame tena. Wakati wa Kwaresma ndo balaa, Wakatoliki wote wanamkumbuka kwa mkupuo mmoja na saa tatu asubuhi hukuti kitu, na Ramadhani watu wa Ujiji wanamwekea oda za futari, alasiri hapatoshi pale.

Wageni wanaoenda Gombe nao nimewakuta, wanapitia kabla ya kushuka Kibirizi kwenye boti. Huko ndo yule mtafiti Jane Goodall alianza kufuatilia sokwe 1960, na mwenyewe nyama aliiacha miaka mingi, basi naona wengi wanaomfuata wana tabia hiyohiyo na wakifika mjini kwetu wanakutana na dagaa kila kona. Kwa safari ya ziwani pai ndo yenyewe, ikipoa ndo inakazana vizuri, ila usiilaze. Adesi zilizopikwa na joto letu hili hazifiki kesho, ile siku ule uimalize.

Kuna mdau aliniuliza kama hiki ni chakula cha diet. Hapana. Adesi ni nzuri, zina protini ya kutosha kuitwa mboga ya maana, na ndimu inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma, lakini mawese karibu nusu yake ni mafuta ya aina ile inayoganda, na pai ni pai popote pale. Wenye presha moja inatosha na mboga za majani pembeni. Kutokuwa na nyama hakujaigeuza dawa.

Bei: pai 1,000, sambusa 300, chai ya rangi yenye mchaichai 300 na ndo ya kunywea hivi vitu, soda itakuharibia. Wengine wanaona elfu moja kwa pai isiyo na nyama ni ghali. Mi naona kazi iliyomo ndani, na wifi yangu alikula tatu akaomba ya kubeba, mtu ambaye kwenye shughuli zetu huwa anaondoka na njaa. Lipa namba ipo, ila mtandao pale unasumbua, beba keshi.

Oda kubwa mpe taarifa jana yake mapema, sio usiku. Na kama pilipili mbuzi huiwezi mwambie kabla hajaanza kupika, sufuria ya adesi ni moja na akishaitia ndo imekuwa ya wote.