Bisibisi ya toki kwa skrubu za raifo na darubini: ipi ununue, ipi uiache

Skrubu za ringi zinazoshika darubini juu ya raifo zinataka toki, yaani nguvu ya kuzungusha, ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Vortex, watengenezaji wa darubini, wanataja paundi-inchi 15 hadi 18, yaani newton-meta 1.7 hadi 2 tu. Kwa alenki, ufunguo wa pembe sita, yenye mkono wa inchi tatu, 15 hufikiwa kwa kuisukuma kwa paundi tano, sawa na kilo mbili na ushei. Kidole kimoja kinatosha. Fundi aliyezoea nati za Land Cruiser anapita hapo mara nne bila kuhisi, na kinachofuata ni bomba la alumini lililobonyea chini ya ringi, au pete ya kukuza picha inayogoma kuzunguka.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza chapa, uliza kipimo kinaanzia wapi na kuishia wapi. Spana ya toki ya gereji, ile ya nusu inchi, haina kazi hapa. Ya baiskeli inakaribia, lakini nyingi zinaanzia newton-meta 2, pale pale ringi inapoishia, na spana ya kubofya, ile inayotoa mlio ikifika kipimo, si ya kuaminiwa chini ya asilimia 20 ya kipimo chake cha juu. Hesabu yenyewe ni nyepesi: kosa la paundi-inchi 2 ukiwa kwenye 65 ni asilimia 3, kosa lile lile kwenye 15 ni asilimia 13.

Wheeler F.A.T. ndiyo inayoonekana zaidi kwenye meza za Wamarekani. Ina umbo la bisibisi nene na inapima paundi-inchi 10 hadi 65, hivyo inabeba karibu kazi zote: ringi, besi inayokaa chini ya ringi, na skrubu mbili kubwa zinazofunga bunduki kwenye kitako. Ikifika kipimo inaruka, yaani mpini unateleza badala ya kukaza zaidi, na kulia. Udhaifu wake ni dirisha la namba. Mistari ni midogo, na ukitazama kwa pembeni 15 inasomeka 17. Weka namba ukiitazama moja kwa moja, na uifikie ukitokea chini, usishuke kutoka juu. Ya Vortex ni ya ukoo huo huo, 10 hadi 50. Kwa darubini peke yake ningeichagua hii, maana 18 yake haiko chini sana kwenye kipimo. Ila ukiwa na kitako chenye fremu ya alumini kinachotaka 65, itakukwamisha.

Wheeler ya kidijitali inapima 15 hadi 100. Namba zake ni safi, lakini inakuonya kwa mlio na taa tu, hairuki. Mkono ukichelewa kusimama, umeshapitiliza. Tena 15 ndiyo mwanzo kabisa wa kipimo chake. Kwa ringi siipendi. Kwa kitako ni nzuri.

Fix It Sticks wamekwenda njia nyingine: vichwa vidogo vilivyowekwa kipimo kimoja kimoja, 15, 25, 45 na 65, unachomeka kwenye mpini na biti (ncha ya bisibisi) ya robo inchi. Hakuna cha kusoma vibaya wala springi ya kusahau ikiwa imekazwa. Inaingia mfuko wa koti, na kwa anayebeba raifo kubwa ya .375 kwenye barabara ya makorongo hilo si jambo dogo. Ubaya ni bei, na kwamba skrubu inayotaka 18 itapewa 15. Kwa ringi za 15 hadi 18, 15 inatosha, mradi skrubu ni kavu.

Na hapo kwenye ukavu ndipo watu wanapoharibu kazi wakiwa na kifaa kizuri mkononi. Karibu asilimia 90 ya nguvu unayozungusha huliwa na msuguano. Kinachobaki ndicho kinachobana. Tone la mafuta likipunguza msuguano, 18 ile ile inabana kama 22 au zaidi. Gundi ya skrubu ikiwa mbichi nayo inateleza kama mafuta, ndiyo maana Vortex hawaitaki kwenye ringi. Futa nyuzi kwa spiriti au asetoni, zikauke.

Kazi yenyewe: toa risasi, ng'oa bolti ya bunduki, kile chuma kinachofunga risasi ndani. Funga besi kwanza, kwa kipimo cha aliyeitengeneza. Kwenye reli ya Picatinny, besi yenye mifereji ya kukata, sukuma ringi mbele hadi iguse ukuta wa mfereji ndipo ukaze, maana bunduki ikirudi nyuma darubini hubaki na kuvuta mbele. Nati ya pembeni, inayobana ringi kwenye reli, ina namba yake, usiichanganye na za juu: Nightforce, watengenezaji wengine, huitaka 68 wakati skrubu za juu ni 25. Skrubu za juu kaza kwa msalaba, robo mzunguko kila moja, nafasi kati ya nusu mbili za ringi ikiwa sawa kulia na kushoto. Kifaa kikiruka mara moja, acha. Kuruka mara ya pili ni kuongeza.

Biti mbovu huua skrubu kuliko toki mbovu. Alenki ya inchi 3/32 ni milimita 2.38, inaingia kwenye tundu la 2.5, inacheza, kisha inalila tundu hadi liwe duara.

Kifaa cha kuzungusha namba kirudishwe kwenye namba ya chini baada ya kazi, na kisitumike kufungulia skrubu zilizokwama.

Ukitilia shaka kipimo, bana biti kwenye jiliwa, bisibisi ikiwa imelala. Funga kijiti chepesi kwenye mpini, kilale sawasawa, na sentimita 20 kutoka katikati ya mpini tundika chupa ya plastiki yenye lita moja ya maji. Hiyo ni paundi-inchi 17 na nusu hivi, na uzito wa kijiti huongeza kidogo. Ikiwekwa 15 iruke. Ikiwekwa 22 ishike. Isipofanya hivyo, irudishe dukani kabla haijagusa bunduki.