Nakala za sarafu ya Kilwa: nimenunua mbili, navaa moja

Niliporudi Dar kutoka Kilwa Kisiwani nilikuwa na hamu moja tu: kuvaa shingoni sarafu ya masultani wa kule. Ya kweli hainunuliwi, na mtu akikunong'oneza kwamba anayo, mkatalie. Mambo ya kale yana sheria yake tangu 1964. Basi nikatafuta nakala.

Ya kwanza niliagiza mtandaoni kwa shilingi 30,000. Kisanduku kizuri, kamba ya ngozi, kidani kizito. Nikampelekea mjomba, ambaye herufi za Kiarabu hazimpigi chenga. Akavaa miwani, akasogea dirishani, akasoma polepole: al-Hasan bin Sulaiman. Akakigeuza. Upande wa pili kuna jahazi na mwaka 1331.

"Sasa mwanangu, mwenzake yuko wapi?"

Sikumwelewa, akanieleza. Sarafu za Kilwa zina vina. Upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande zote mbili zinaishia na sauti ileile. Ukichora jahazi hapo, umekata ubeti katikati. Mwaka nao haumo kwenye sarafu zile. 1331 ndio mwaka ambao msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa, enzi za sultani huyohuyo aliyejenga jumba la Husuni Kubwa. Muuzaji kaupachika tu. Halafu kidani chenyewe kimemiminwa kwenye kalibu: herufi butu, vitundu vya hewa, na mshono ukingoni unaokwaruza shingo. Kwa kweli iliniuma.

Ya pili nimetengenezewa na kijana mmoja fundi wa vito, 45,000. Huyu anachonga mihuri miwili ya chuma, anaweka kipande cha shaba katikati, anapiga nyundo. Nilisimama pale nikamwona: pigo moja, akainua, maandishi yametokea pande zote. Ni ndogo, kama sentimita 2, karibu na zile za kale. Haikukaa katikati sawasawa, mkia wa herufi nuni umeangukia nje. Mwingine angeirudisha, mimi sibadilishi kwa yoyote.

Kilichonifurahisha zaidi ni neno "nakala" alilogonga ukingoni, dogo sana. Wauzaji wote wangefanya hivyo! Sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman iliokotwa kwenye magofu ya Great Zimbabwe, mbali kabisa na bahari. Mwaka 1944 Maurie Isenberg, mwanajeshi wa Australia, aliokota tano za Kilwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake, na mpaka leo watu wanajiuliza zilifikaje. Maswali kama hayo yana maana kwa sababu tunaamini sarafu zenyewe ni za kweli. Nakala isiyo na alama ikidondoka mchangani Kisiwani, kesho itampoteza mtu.

Kasoro zipo. Ukitoka jasho shaba inaacha ukijani shingoni. Naisugua kwa ndimu na chumvi, naisuuza, naikausha vizuri. Kikulabu cha kwanza kilifunguka baada ya siku tatu, fundi akanibadilishia bure.

Mjomba naye nimemwonyesha. Akasoma upande wa kwanza kwa sauti, akageuza, akasoma wa pili, sauti ikatua palepale. Akaisoma tena. Nimeshamwagizia ya kwake, fundi kasema nisubiri wiki 2.