Supu ya kongoro Magomeni: nyota nne, ila si dawa ya magoti

Jina la kibanda nalihifadhi, maana muuzaji ni mtu mwema na Jumamosi narudi. Bakuli 4,000, chapati 500. Nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kongoro lilikuwa limechemka usiku kucha, ngozi inateleza yenyewe kwenye mfupa. Kamulia ndimu, acha lipoe kidogo, midomo inaanza kunatana: hiyo ni kolajeni, protini ya ngozi na mifupa, iliyogeuka jelatini. Chumvi ilizidi, na pilipili waligawa kama inapimwa kwa mizani ya sonara.

Tatizo ni maneno ya muuzaji. "Kunywa mwalimu, inaongeza ute magotini." Nafundisha baiolojia kidato cha tano, na goti langu la kushoto linalia ko-ko nikipanda ngazi, kwa hiyo nilitamani sana iwe kweli.

Nikamwonyesha ile nyama nyeupe ngumu kwenye ncha ya mfupa. Hilo ni gegedu, kaka. Ndani yake kuna agrekani, proteoglikani yenye umbo la brashi ya kuoshea chupa: uti wake ni protini, nywele zake ni minyororo ya sukari kama mia hivi, iitwayo kondroitini salfeti. Kila unywele umejaa chaji hasi. Chaji zinasukumana, brashi inatanuka. Zinavuta sodiamu, nayo inavuta maji. Brashi nyingi zimeng'ang'ania uzi mmoja mrefu wa hailuronani, ndiyo maana hazichukuliwi na maji, na wavu wa kolajeni unazibana zisivimbe kupita kiasi. Ukikanyaga, maji yanakamuliwa. Ukiinua mguu, yanarudi. Nywele zikikatika, sponji haishiki maji tena.

Sasa, uti ule ukifika tumboni unameng'enywa kama protini ya maharage. Hakuna brashi inayofika gotini ikiwa nzima. Gegedu lenyewe halina hata mishipa ya damu. Seli zake hujitengenezea brashi humo humo. Kondroitini ya vidonge nayo, miligramu 1,200 kwa siku, ilipimwa Marekani katika utafiti wa wagonjwa 1,583 wa magoti. Matokeo yakatoka 2006: kwa jumla haikuvishinda vidonge visivyo na dawa. Mimi kopo langu nilishanunua, lile la bei ya mbuzi.

Alinisikiliza mpaka mwisho, upawa mkononi. "Kwa hiyo mwalimu, nikuongezee mchuzi au basi?"

Akaongeza. Bure.