Simu yako au simu ya ofisi?

Kufanyia kazi kwenye simu yako kuna wepesi wake: simu moja, chaja moja. Lakini gharama zote ni zako. Mwenzangu wa mauzo hapa Dar es Salaam alipasua kioo akiwa kwa mteja. Ofisi ikamwambia simu ni yake, atengeneze mwenyewe. Bando alijinunulia pia, na wateja walimpigia hadi saa nne usiku.

Simu ya ofisi ikiharibika, inatengenezwa na ofisi. Ila si yako: mwajiri anaweza kuona ilipo na programu zilizomo, hata kuifuta yote akiwa mbali. Picha za watoto zisikae humo kabisa.

Ukilazimika kutumia yako, omba uwekewe wasifu wa kazi wa Android. Programu za ofisi hukaa upande wake, zikiwa na alama ndogo ya mkoba, na mwajiri hufuta upande huo tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaka akueleze sababu kabla ya kukusanya taarifa zako, kwa hiyo muulize.

Mimi nimechagua ya ofisi. Saa kumi na moja jioni naizima.