Kali Linux: iwekwe kwenye mashine pepe, diski iachiwe Debian

Kwa kupima usalama wa kompyuta na mitandao, Kali, mfumo wa Linux uliojaa zana za kazi hiyo, haina mpinzani wa karibu. Kwa kuandikia barua na kulipia bili ni usumbufu. Imejengwa juu ya Debian Testing (tawi la majaribio la Debian, Linux ya matumizi ya kawaida) na pakiti (programu) zake hubadilika mfululizo. Iache miezi miwili, kisha amri ya kusasisha, sudo apt full-upgrade, inaweza kumeza gigabaiti kadhaa za bando. Aprili 2025 ufunguo wake wa saini (unaothibitisha kuwa pakiti ni halisi) ulibadilishwa, na mashine zisizo na ufunguo mpya zikagoma kusasishwa, zikilalamika kukosa ufunguo ED65462EC8D5E4C5. Dawa ni kupakua archive-keyring.gpg kutoka archive.kali.org na kuiweka /usr/share/keyrings/kali-archive-keyring.gpg. Anayekwambia uzime ukaguzi wa saini, mkimbie.

Kwenye diski weka Debian 13, iliyotoka Agosti 2025. Faili lake la kusakinisha linakuja na firmware (programu ndogo zinazoendesha vifaa kama kadi ya wifi), hivyo wifi ya laptop nyingi hukamata tangu mwanzo. OpenBSD, mfumo mwingine, ni safi, lakini haina Bluetooth. Na usichomeke hazina ya Kali (chanzo cha kupakulia programu zake) ndani ya Debian ili kupata zana mbili tatu: libc6 (maktaba inayotegemewa na karibu programu zote) ikishapanda toleo, kurudi nyuma ni kazi ya kusakinisha upya.

Mashine pepe ni kompyuta inayoendeshwa kama programu ndani ya kompyuta yako. VirtualBox, programu mojawapo ya kuiendesha, haimo kwenye hazina za kawaida za Debian, kwa hiyo tumia virt-manager. Washa VT-x au AMD-V (uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe) kwenye BIOS, jiongeze kwenye kundi la watumiaji la libvirt (huduma inayosimamia mashine pepe), kisha pakua Kali ya QEMU (injini inayotumiwa na virt-manager) iliyo tayari. Laptop ikiwa na RAM ya GB 8, ipe Kali GB 4. virt-manager ikidai mtandao wa default haujawashwa, andika sudo virsh net-start default, halafu sudo virsh net-autostart default. Jina la kuingilia Kali na nenosiri vyote ni neno “kali”. Badilisha nenosiri kwa amri ya passwd kabla ya lolote.

Wengi hukwama kwenye wifi. Mashine pepe huona eth0 (mtandao wa waya) tu, hata kama kadi ya ndani ni nzuri, na airmon-ng (zana ya kuweka kadi ya wifi katika hali ya kusikiliza mawimbi) hurudisha orodha tupu. Nunua adapta ya USB yenye chipu ya AR9271 (ni ya 2.4 GHz pekee, kwa 5 GHz tafuta MT7612U), uikabidhi kwa mashine pepe kama USB Host Device. Amri ya airmon-ng check kill huua NetworkManager (huduma inayosimamia mtandao), lakini ya Kali tu: kivinjari chako kwenye Debian kinaendelea na mambo yake.