Uzoefu wangu: BMX yenye sura ya miaka ya 80 na vipuri vya leo

Wiki tatu nzima sikushika spana kwa sababu ya sproketi moja, yaani gurudumu la meno linalovuta cheni. Fremu nilikuwa nayo, magurudumu yapo, lakini sikuweza kukata shauri: mbele nifunge sproketi ndogo ya meno 25 kama BMX nyingi za sasa (baiskeli ndogo za mbio za vumbi na michezo), au lile sahani pana la meno 44? Kwa mwendo, tofauti karibu haipo. Meno 25 kwa 9 ya nyuma ni 2.78, meno 44 kwa 16 ni 2.75, yaani mizunguko ya gurudumu la nyuma kwa kila mzunguko wa pedeli. Mguu hauwezi kuitambua. Jicho huitambua tangu mbali, kwa sababu sahani lile ndilo linalojaza nafasi chini ya fremu na kuipa baiskeli ya enzi zile umbo lake. Nikachukua 44.

Uamuzi huo ulibadili gurudumu la nyuma. Habu (vitovu vya gurudumu) za kaseti za BMX za leo, ambazo sproketi ndogo ya nyuma ni sehemu ya habu yenyewe, huwa na meno 9 hivi, na ukizifungia sproketi ya 44 mbele utapata gia nzito isiyopanda hata kimwinuko kidogo. Basi kaseti nikaiacha. Nilitafuta habu yenye beringi zilizofunikwa lakini yenye uzi wa kufungia friwili, sproketi ya nyuma inayoskrubiwa kwenye habu, nikaifunga friwili ya meno 16. Hapo ndipo nilipoelewa kazi niliyojitwika: kila sehemu ya sura ya zamani inakudai kitu mahali pengine.

Fremu ni mpya, ya chuma cha kromoli 4130, imepakwa kromu mwili mzima. Kilichonivuta ni mkia wake. Bomba la chini la nyuma halikomi kwenye ekseli. Linapinda na kurudi juu kuelekea siti, kama kitanzi. Niliiona fremu ya namna hiyo utotoni, chini ya kijana aliyenizidi umri, na haijanitoka kichwani hadi leo.

Kuna sababu sikutafuta fremu ya kale yenyewe nikaifunga vipuri vyake vya asili. BMX ilizaliwa kusini mwa California mwanzoni mwa miaka ya 1970, watoto wakiiga mbio za pikipiki kwenye vumbi kwa baiskeli kama Schwinn Sting-Ray, iliyotoka 1963 na haikuundwa kwa kuruka. Fremu zilikatika, uma (mikono inayoshika gurudumu la mbele) zilipinda, na mafundi wakajifunza wakati watoto wakianguka. Vipuri vya leo vimebeba mafunzo yote hayo. Mimi ni mtu mzima, uzito wangu si wa mtoto wa miaka kumi na miwili, na nilitaka baiskeli ya kuendesha kila siku, si ya kutundika ukutani.

Krenki, yaani mikono inayobeba pedeli, ndiyo badiliko ninalolisifu kuliko yote. Zamani nyingi zilikuwa za kipande kimoja: fimbo ya chuma iliyokunjwa ikapita katikati ya fremu, na gololi zake zikizunguka kwenye grisi iliyo wazi kwa vumbi. Tundu la fremu yangu ni lile lile pana la zamani, kipenyo cha milimita 51.3. Habari njema ni kwamba beringi za kubonyezwa kwa tundu hilo bado zinatengenezwa, kwa ajili ya krenki za vipande vitatu. Nilifunga krenki ya kromoli yenye ekseli ya milimita 19 na meno 48 madogo yanayoshikana na mikono yake. Nikisimama juu ya pedeli kutoka kwenye kusimama kabisa, hakuna kitu kinachonyonga, baiskeli inaondoka. Tangu siku ya kwanza haijatoa mlio.

Pedeli zilinitia hasara. Nilinunua jozi nzuri ajabu, za meno ya chuma kama zile za zamani, bila kuuliza uzi wake. Za krenki ya kipande kimoja ni nusu inchi. Krenki ya vipande vitatu inataka inchi 9/16. Hazikuingia, na hakuna ujanja wa kuzilazimisha. Kabla ya kulipa, uliza uzi.

Kwenye shingo nilifanya kosa baya zaidi. Vikombe vya beringi vinavyokaa nje ya bomba vinafanana sana na vya zamani, ingawa uma ni wa kisasa, wa inchi 1 na 1/8 usio na uzi juu. Nilivipigilia kwa nyundo na kipande cha ubao. Cha chini kikaingia upande. Nilikitoa polepole moyo ukinidunda, kisha nikatumia bolti ndefu yenye uzi, washa nene na nati mbili, nikavivuta vyote taratibu mpaka vikakaa sawa. Ingekuwa hivyo tangu mwanzo, mdomo wa fremu usingekuwa na mkwaruzo ninaouona kila ninapoiosha.

Usukani haukunisumbua hata kidogo, kwa kuwa kipenyo cha milimita 22.2 kimedumu tangu enzi hizo.

Kuhusu magurudumu, moyo wangu ulikuwa kwenye yale ya nailoni yenye mikono mitano, mtindo uliojulikana sana kupitia Skyway Tuff Wheel. Nikachagua ringi za alumini za kuta mbili, spoki 36, kwa sababu ya breki: ringi ya alumini inashikwa vizuri hata ikilowa, tofauti na ya chuma cha kromu, ambayo mvua huigeuza utelezi. Tairi zina kuta za kahawia, inchi 1.95 mbele na 1.75 nyuma. Nene zaidi zisingepita katikati ya mabomba ya nyuma, na hilo walipimie wote wanaotamani zile tairi za inchi 2.4.

Breki ya nyuma hainiridhishi kikamilifu. Ni ya kubana kutoka juu, yenye egemeo mbili, bora kuliko za zamani za egemeo moja, lakini mikono yake ni mirefu na bado inalegea kidogo nikiibana kwa nguvu. Pedi laini zaidi zimesaidia.

Barabarani imetulia. Nyuma yake ni ndefu kuliko BMX za sasa, kwa hiyo kuinua gurudumu la mbele kunataka mgongo mzima, na kwa michezo ya ngazi na vyuma singeipendekeza kwa mtu. Kwenye njia ya vumbi yenye matuta inakwenda moja kwa moja, haiyumbi, hata mikono ikilegea.

Miezi minane sasa. Nimekaza spoki mara moja, nimebadilisha cheni mara moja. Kilichobaki ni sponji tatu za kufunika bomba la juu, usukani na shingo yake. Nimeshazipima, nazishona mwenyewe kwa kitambaa cha bluu.